Plagi za injini ya rotari: dhana potofu na ukweli

Dhana: Gari linawaka na kutembea, basi plagi bado nzima.

Hii ndiyo inayowaponza wengi. Injini ya Mazda RX-8 ni ya rotari: badala ya pistoni za kupanda na kushuka ina rota mbili, vipande vya pembe tatu vinavyozunguka, na kila rota ina plagi mbili. Ya chini hutangulia kuwasha na ndiyo yenye kazi kubwa. Ya juu humalizia, maana chumba cha kuchomea ni kirefu na chembamba. Ya juu ikichoka, mwenzake anaificha. Nguvu zinapungua taratibu, petroli inaliwa zaidi, na dereva anazoea hivyo hivyo. Petroli isiyoungua huenda kuungulia kwenye ekzosi na kuipika kataliti, kifaa cha kusafisha moshi. Kataliti ikiziba, moshi hauna pa kutokea na joto linaigeukia injini. Ukifika hapo, bei ya plagi nne utaiona si kitu.

Dhana: Plagi za iridiamu hufika kilomita 100,000.

Kwenye injini ya pistoni, mara nyingi ndiyo. Za RX-8 nazo ni za iridiamu, ila kazi yake ni nyingine. Plagi ya pistoni huhitajika kuwasha mara moja katika kila mizunguko miwili ya shafti; ya rotari huwasha kila mzunguko. RX-8 ya gia za mkono ikivutwa hadi mizunguko 9,000 kwa dakika, hizo ni cheche 150 kwa sekunde kwenye kila plagi. Tena haipati hewa ya kuipoza, kwa kuwa hewa mpya huingilia upande mwingine wa injini. Juu ya hayo, rotari huchoma oili kwa makusudi ili kulainisha sili za ncha za rota (vizibo vya kwenye pembe zake), na masizi yake huganda kwenye plagi. Kwangu mimi kilomita 50,000 ni mwisho, na gari la safari fupi fupi lisingoje hata hizo.

Dhana: Plagi zote nne ni sawa.

Soma maandishi yaliyo kwenye plagi. Za NGK za RX-8 ni RE7C-L kwa chini na RE9B-T kwa juu. Hiyo yenye namba 9 ni ya baridi zaidi, yaani hupoteza joto upesi. Usijaribu plagi ya kawaida yenye ncha ndefu: sili za rota hupita mbele kabisa ya tundu, na chochote kilichochomoza kitagongwa.

Dhana: Plagi mpya zikimisi, ni feki.

Huenda. Lakini anza na koili, zinazoipa plagi umeme wa cheche. RX-8 ina nne, moja kwa kila plagi, na zinajulikana kwa kuchoka mapema.

Dhana: Plagi zikilowa petroli, zipige brashi ya waya.

Brashi huharibu ncha nyembamba ya iridiamu. Injini iliyojaa petroli, kanyaga mafuta hadi mwisho huku ukipiga stata. Kompyuta itakata petroli na chumba kitakauka. Ikigoma, weka plagi mpya injini ikiwa baridi, na anza kuzikaza kwa vidole, kwani nyuzi za aluminiamu hukatika upesi.