Haiba ya Mtu: Maana Yake na Mambo Yanayoijenga

Katika mazungumzo ya kila siku, mtu akisifiwa kuwa ana haiba, msikilizaji huelewa kwamba ana mvuto, kwamba akiingia mahali watu hugeuka kumtazama. Wanasaikolojia hulitumia neno hilo hilo kwa maana pana zaidi. Kwao, haiba ni jumla ya namna mtu anavyofikiri, anavyohisi na anavyotenda, namna inayodumu kwa muda mrefu na kumtofautisha na wengine. Kwa maana hiyo kila mtu ana haiba, hata yule mkimya anayekaa pembeni msibani na ambaye hakuna aliyewahi kumsifia mvuto. Inafaa pia kuitenga haiba na hulka, yaani maumbile ya tabia ambayo mtoto huzaliwa nayo, kwa kuwa hulka ni sehemu tu ya haiba.

Hulka hujionyesha mapema sana. Mama mwenye mapacha wasiofanana anaweza kuwaogesha katika beseni moja, kwa maji yale yale na mikono ile ile, mmoja akapigapiga maji kwa furaha huku mwenzake akijikunja na kulia mpaka afungwe kwenye khanga. Madaktari wa akili Alexander Thomas na Stella Chess, walioanza mwaka 1956 kuwafuatilia watoto wa New York tangu uchanga, walizieleza tofauti za namna hii kwa makini. Walisisitiza jambo ambalo naliona lina thamani kuliko hata makundi waliyowapangia watoto hao: hulka peke yake haitoshi kutabiri mtoto atakuwa mtu wa namna gani, mpaka ijulikane kama matarajio ya walezi wake yanaendana nayo. Mtoto mwenye haya anayepewa muda wa kuwazoea wageni hukua tofauti na mwenye haya anayesukumwa mbele yao na kuchekwa.

Nadharia za haiba ni nyingi. Sigmund Freud, daktari wa Austria, aliiona haiba kama mvutano wa ndani kati ya matamanio, akili inayopima hali halisi, na sauti ya maadili, na aliipa miaka ya kwanza ya utoto uzito ambao watafiti wengi leo wanauona umezidi. Mwanasaikolojia Erik Erikson aliirefusha safari ya kukua kwa haiba hadi uzeeni, akiigawa katika hatua 8. Wengine walianzia kwenye lugha: mwaka 1936 wanasaikolojia Gordon Allport na Henry Odbert walikusanya kutoka katika kamusi ya Kiingereza maneno 17,953 yanayoweza kumweleza mtu. Njia hiyo ndiyo iliyoelekea kwenye sifa kuu 5 zinazotumika sana sasa, ambazo ni uwazi kwa mambo mapya, bidii na utaratibu, uchangamfu, wema kwa wengine, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu Watsimane wa Bolivia, jamii ya wakulima na wawindaji, haukuukuta mpangilio huo wa sifa 5, na kwa sababu hiyo si vyema kuuchukulia kuwa ni wa wanadamu wote.

Kuhusu urithi, tafiti za mapacha huonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti za haiba zilizopo baina ya watu inahusiana na tofauti za vinasaba. Takwimu hiyo hueleweka vibaya mara kwa mara: haisemi kwamba nusu ya upole wako umetoka kwa wazazi wako, kwa sababu inapima tofauti katika kundi la watu na haimgawi mtu mmoja mafungu mawili.

Sehemu iliyobaki ya tofauti hizo hujengwa na malezi, marika, shule, maradhi, hali ya maisha, na jambo moja linalosahaulika mno, yaani kazi anazopewa mtoto. Mfano ulio wazi kabisa unatoka Oyugis, magharibi mwa Kenya, ambako mwanaanthropolojia Carol Ember aliwachunguza watoto wa Kijaluo na kuchapisha matokeo yake mwaka 1973. Kwa desturi, kubeba mtoto mchanga na kusaidia jikoni zilikuwa kazi za wasichana, lakini katika nyumba zisizo na msichana wa umri unaofaa, wavulana ndio waliozifanya. Wavulana waliofanya sana kazi hizo za ndani walikuwa na ukali mdogo kuliko wavulana wengine, na mwenendo wao ulikaribia wa wasichana. Mtu anaweza kudhani kwamba mama aliwachagua waliokuwa wapole tangu awali. Lakini kilichoamua kwa kiasi kikubwa ni kama nyumba ina msichana mkubwa au haina, jambo ambalo hulka ya mvulana haina uwezo nalo. Tena tofauti hiyo ilionekana hata wavulana walipokuwa hawafanyi kazi, mtoto akiwa ameshatuliwa mgongoni.