Msiruke Kurasa za Jikoni

"Sura ya kula si muhimu, tuiruke." Ujumbe huo nimeupata wiki iliyopita kutoka kwa kijana anayenipangia maneno kwenye viputo vya manga, hadithi za picha za Kijapani. Alikuwa na kurasa nane za watu wanakaanga, wanakoroga na kunyang'anyana vipande, na alitaka tuwahi kwenye pigano. Ni mtu wa nne mwaka huu. Watatu wa kwanza niliwajibu kwa adabu.

Kwa msionijua: mchana nafasiri karatasi za mnada za magari ya Japani (mkwaruzo mlango wa kulia, kiti cha dereva kimeungua na sigara), usiku nafasiri isekai, hadithi za Kijapani za watu wanaohamia dunia nyingine. Kazi ya mchana inanilisha. Ya usiku inanigombanisha na watu.

Haya. Shujaa wa isekai ni mtu aliyeng'olewa kwao. Amekufa, au ameitwa kwa uchawi, akaangukia dunia ambako hana mama, hana mjomba, hana hata jirani wa kumwomba chumvi. Upanga atapewa, nguvu za ajabu atapewa, ndivyo fani ilivyo. Nyumba hapewi na mtu. Hiyo ataitafuta mwenyewe, na mara nyingi ataipata penye moto na sufuria.

Chukua hadithi ya Honzuki no Gekokujō, iliyoanza kutolewa mtandaoni mwaka 2013 kabla haijachorwa manga. Mwanamke wa miaka 22, mgonjwa wa vitabu, anakufa na kuzindukia ndani ya mwili wa Myne, mtoto wa miaka mitano, dhaifu, binti wa askari wa lango la mji. (Swali ambalo kamusi zote zimenitupa: dada yake Tuuli ana miaka sita. Nani anamwamkia nani shikamoo?) Majira ya baridi watu huenda msituni kuchuma matunda yaitwayo parue. Wanakamua maji yake, kisha mafuta, na makapi wanawamwagia kuku. Myne anayaonja yale makapi, anaona yanafaa. Anataka yachanganywe na mayai na maziwa, yakaangwe kama chapati za maji.

Mwenye haraka anasema, "Aa, mtu wa kisasa anawafundisha washamba kupika," anafunua. Tazama mikono kwanza! Myne hana nguvu ya kuinua kikaango. Jiko ni la kina Lutz, rafiki yake wa jirani, nyumba ya wavulana wanne ambao njaa haiwaishi. Anayekoroga ni mwingine, anayegeuza ni mwingine, yeye ana maneno tu. Bila wale wavulana kukubali kutumwa na katoto kasiko na pumzi, hakuna kinachoiva. Yeye kawapa ujuzi, wao wamempa mikono, na kuanzia hapo huyu si mgeni aliyejificha ndani ya mwili wa mtoto. Ni mtoto wa mtaa.

Baadaye sana anachukuliwa na makabaila, na mkataba wa kichawi unamkataza kuwaita baba yake baba na mama yake mama. Waliosoma kurasa za makapi hulia. Walioziruka huniandikia kuuliza mbona ghafla kila mtu analia.

Sasa lililonichefua hasa. Katika zile kurasa nane mhusika anarudi jioni, anasukuma mlango, anasema tadaima, neno la Kijapani la anayerudi kwake. Kijana wangu akaandika "Hodi".

Hodi! Hodi ni ya mgeni. Hodi inaomba ruhusa, na mwenye nyumba akikaa kimya mara tatu unageuza. Tadaima haiombi. Ni neno la mtu ambaye sahani yake iko pale imefunikwa kawa. Na jibu lake, okaeri, si "karibu", maana karibu hata muuza mkaa tunampa. Okaeri inasema umerudi, na inasemwa na aliyekuwa akikuhesabu. Kijapani kina hodi yake, ojama shimasu, kwamba naingia kuwasumbua. Mhusika wetu amekuwa akisema hiyo kwa sura nyingi, kila akiingia nyumba ile ile. Siku moja, harufu ya chakula iko mlangoni, anasema tadaima bila kujisikia, na aliye jikoni anajibu okaeri bila kugeuka. Juzuu nzima ilikuwa inatembea kuja hapo. Ukiandika "Hodi" kwanza na "Hodi" mwisho, umefuta hadithi kwa neno moja.

Najua, wapo wazee wetu wanaopiga hodi hata kwao, wakichelea kumkuta mtu hajajisitiri. Ni adabu nzuri na inanivurugia hoja. Nitaishi nayo.

Itadakimasu, neno la kabla ya kula, nimeshindwa. Ni neno la anayepokea, kwa unyenyekevu, na kila mmoja hujisemea. "Karibuni" ni la mwenye chakula. "Tule" ni amri. "Bismillah" ndiyo tunayosema kweli tukinyoosha mkono, lakini nikiiweka nimewasilimisha mazimwi wote. Naandika tofauti kila juzuu na natumaini hamlinganishi.

Meshi, kwa upande mwingine, ni rahisi: msosi. Ni wali, ni mlo, ni neno la wenye njaa wasio na haja ya kujipamba. Wajapani husema watu wamekula meshi ya chungu kimoja, wakimaanisha wameishi pamoja mpaka wamekuwa kitu kimoja. Manga ya Dungeon Meshi ya Ryōko Kui (si isekai, hakuna aliyehama dunia, msinitumie ujumbe) ilikwenda tangu 2014 hadi 2023, juzuu 14, juu ya hicho chungu. Joka jekundu la shimoni limemmeza dada yake Laios, shujaa wa hadithi. Laios anataka kurudi chini kumtoa, hela ya chakula hana, basi wenzake wanakula mazimwi njiani. Ng'e mkubwa na uyoga unaotembea, kwenye sufuria moja, ndio mlo wa kwanza. Mnaoita hiyo vichekesho vya mapishi mmesahau nani yuko tumboni mwa joka.

Nikibanwa zaidi huwa navuta Kojiki, kitabu cha visasili vya Japani cha mwaka 712. Mungu wa kike Izanami amekufa, yuko Yomi, nchi ya wafu. Mumewe Izanagi anamfuata ili amrudishe, naye anamjibu kwamba amechelewa: ameshakula kilichopikwa kwenye meko ya huko. Bibi yangu alitukanya vivyo hivyo juu ya chakula wanachotoa majini. Ukila kwao, u wa kwao. Naona kitu hicho kila shujaa wa isekai anapopokea bakuli lake la kwanza.

Au ninajitia kuona. Mwandishi anayebandika sura mfululizo kule Shōsetsuka ni Narō, tovuti ambako yeyote hubandika hadithi zake, huenda hamkumbuki Izanami hata kidogo. Pengine ana njaa tu. Na kurasa za kujazia zipo, nimezifasiri nikisinzia: mwenyeji anaonja mchuzi, macho yanamtoka, anasifu, mwingine anaonja, macho yanamtoka. Hizo zikirukwa sitamlilia mtu.

Linalonisumbua kweli ni jingine. Wajapani wana desturi ya kagezen, kumtengea chakula mtu wa nyumbani aliye mbali, ili huko aliko awe salama. Kwa mama aliyebaki Japani, kila shujaa wa isekai ni mtu aliye mbali. Wengi wao wanapata jiko jipya, mama mpya, wanacheka na mdomo umejaa, na yule wa kwanza hatajwi tena baada ya sura ya kwanza. Nafasiri furaha yao vizuri kadiri niwezavyo, lakini siiamini yote.

Kurasa nane zimerudi kwa kijana jana usiku. Mlangoni nimeandika "Nimerudi", na jikoni "Pole na jua, chakula kipo." Ameniuliza kama "chakula kipo" imo kwenye Kijapani. Haimo.