Kwa nini trekta la magurudumu manne husimama kwa mafiga matatu?

Ukipita barabara ya Mwanza–Musoma, ukishaiacha Kisesa kuelekea Magu, msimu wa kuandaa mashamba huenda ukakuta trekta lenye kijiko mbele likisomba samadi kutoka zizini. Kijiko kimejaa, dereva amekipandisha juu ya kichwa chake ili aone njia, anakata kona. Hapo gurudumu moja la mbele likidumbukia kwenye ufa wa udongo mweusi wa mbuga, trekta zima laweza kulala ubavu. Watakaokimbilia kuokoa watauliza swali lilelile: limepindukaje hapa tambarare, hata kilima hakuna?

Jibu liko chini ya rejeta. Zima injini, teremsha kijiko, kisha chuchumaa mbele ya trekta. Utaona kwamba katika matrekta mengi ekseli ya mbele haijafungwa moja kwa moja kwenye bodi. Imeshikwa katikati na pini moja nene, ile ambayo fundi huipiga grisi, na hucheza juu yake kama ubao wa bembea. Gurudumu la kushoto likipanda jiwe, la kulia linabaki chini na bodi haiinami. Bila pini hiyo, trekta lingevuka matuta ya viazi huku gurudumu moja likielea hewani.

Lakini faida hiyo ina gharama yake. Magurudumu ya mbele hayalizuii trekta lisilale upande mpaka ekseli igonge kizuizi chake, na wakati huo uzito umeshashika mwendo. Kwa hiyo trekta linasimama kwa mafiga matatu: magurudumu mawili ya nyuma, na ile pini. Chora mistari kati ya mafiga hayo upate pembetatu, pana nyuma, iliyochongoka mbele. Kitovu cha uzito kikiwa ndani yake, trekta limesimama. Kikitoka nje, linaanguka.

Kijiko kilichojaa hukisogeza kitovu hicho mbele, kuelekea kwenye ncha. Kama upana wa nyuma ni sentimita 180, katikati ya pembetatu umebaki sentimita 90 tu, yaani 45 kila upande. Na mzigo si mdogo: nusu mita ya ujazo ya mchanga uliolowa inakaribia tani moja. Ukiunyanyua mzigo huo, unakipandisha kitovu pia. Wavuvi wa Kirumba na Igombe hawahitaji kuelezwa hili. Anayesimama wima ndani ya mtumbwi anautikisa zaidi kuliko aliyeketi, ingawa uzito wake ni uleule.

Ndiyo sababu kijiko chenye mzigo kinasafirishwa chini, sentimita 30 hivi kutoka ardhini, na kupandishwa pale tu trekta linapofika kwenye tela la kupakia. Kuhusu kona, mwendo ukitoka kilomita 5 hadi 10 kwa saa, nguvu inayolisukuma trekta nje ya kona hiyohiyo haiongezeki mara mbili, huongezeka mara nne.

Jambo linalonisumbua zaidi ni la nyuma, kwa kuwa halionekani. Tani moja mbele huyapunguzia uzito magurudumu ya nyuma, na kwenye matrekta mengi yanayosukumwa na magurudumu mawili, breki ziko huko nyuma tu. Dereva anakanyaga breki, tairi haishiki. Kwa hiyo nyuma lazima pawe na uzito: plau ya sahani tatu ikiwa imenyanyuliwa, boksi la zege, au maji ndani ya matairi ya nyuma. Kumpa dereva kijiko bila uzito wa nyuma ni kumwonea, na mwenye trekta ndiye wa kulaumiwa.

Chuma cha kinga juu ya kiti huenda pamoja na mkanda. Uswidi ilikilazimisha kwa matrekta mapya tangu 1959, na vifo vya kupinduka vikashuka sana. Palipo na chuma, funga mkanda, usije ukarushwa nje na kulaliwa. Pasipo na chuma, usijifunge.

Utingo asipite chini ya kijiko kilicho juu hata kidogo. Kinachokishikilia ni mafuta tu ndani ya mipira ya haidroliki, na mpira ukipasuka hakuna muda wa kupiga kelele. Mpira ukivuja usipapase kwa mkono, maana mafuta yale hutoka kwa shinikizo la kutoboa ngozi. Pitisha kipande cha boksi.

Na ukihisi gurudumu la nyuma linaanza kuwa jepesi ukiwa kwenye mteremko, mkono wa kwanza uende kwenye wenzo wa kijiko: kishushe mpaka kiguse ardhi. Kama trekta tayari linalala upande, kishushe huku ukigeuza usukani kuelekea bondeni.