Mwembamba naye anaweza kuwa na lehemu nyingi
Ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp unadai mtu mwembamba hapati lehemu (kolesteroli), hivyo asihangaike kupima. Si kweli.

Ini huondoa lehemu mbaya, LDL, kwenye damu kwa kutumia vipokezi, yaani sehemu za seli zinazoinasa. Aliyerithi jeni yenye hitilafu ana vipokezi vichache vinavyofanya kazi, na lehemu hujaa hata akila mboga kila siku. Takriban mtu 1 kati ya 250 yuko hivyo, na kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi.

Watu huchanganyikiwa kwa kuwa kitambi huonekana; lehemu haionekani, wala haiumi. Pima damu: LDL ya mtu mzima ikifika 4.9 mmol/L, muulize daktari kuhusu urithi. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo, kuna mtu atauamini na kuacha kupima.