Mashine ya kukatia majani: angalia uwanja wako kwanza

Kwa nyumba ya kawaida ya Njiro au Sakina za Arusha, au Shanty Town ya Moshi, mashine ya kukatia majani inayochafua hewa kidogo kuliko zote haina injini wala waya. Ni ile ya kusukuma kwa mkono, yenye visu vilivyojipinda kwenye ngoma inayozungushwa na matairi. Aliibuni Mwingereza Edwin Budding mwaka 1830, na hadi leo inafanya kazi vilevile: kisu kinachozunguka kinapita juu ya kisu kilichotulia, jani linakatika kama kwa mkasi. Wateja wangu wengi huiona ya kizamani mpaka waisukume.

Ina masharti yake. Haitaki mawe, na Arusha mvua ikipita tu vijiwe vinaibuka, kwa hiyo pitisha reki kwanza. Haitaki majani marefu pia. Ukoka ukishavuka kifundo cha mguu, ngoma inaulaza badala ya kuukata. Masika itabidi ukate kila wiki, na usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu kwa mara moja.

Kunoa ndiko kunakowatisha watu, bure tu. Vaa glovu, weka kipande cha gazeti kati ya ngoma na kisu cha chini, zungusha taratibu. Kikikatika safi kutoka mwanzo hadi mwisho wa kisu, usiguse kitu. Kikikunjika upande mmoja, kaza skrubu ya upande huo kidogo sana, ujaribu tena. Bado inatafuna? Paka ile pesti ya kusagia valvu inayouzwa maduka ya spea, zungusha ngoma kinyumenyume mpaka makali yarudi, kisha futa pesti yote.

Uwanja ukiwa mkubwa, tuseme robo eka, au una mteremko kama wa kule Kibosho, hapo nakubali tuzungumze habari za betri. Betri ya lithiamu ya volti 40 na ampea-saa 4 ukiichaji haimalizi hata robo ya uniti ya LUKU, na umeme wetu kwa sehemu kubwa ni wa maji na gesi asilia. Ila betri hufa kabla ya mashine. Uliza kabla ya kulipa kama betri ya kubadilishia inapatikana hapahapa mjini, la sivyo unanunua takataka ya kesho. Kwenye mitumba soma maandishi ya chaja: iliyoandikwa 120V tu imetengenezewa soko la Marekani, na kwenye soketi yetu ya volti 230 itaungua. Za waya ni nyepesi na bei yake nafuu, lakini waya wa umeme kwenye majani yenye umande sipendi kuuona.

Petroli je? Ile ya kuning'iniza begani, unayochanganyia oili kwenye petroli, kwa bustani ya nyumbani siishauri kabisa: sehemu ya mafuta hutoka kwenye ekzosi bila kuungua. Isitoshe Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kabureta iliyotegeshwa kwa nchi ya chini inamwaga petroli nyingi mno kwa hewa inayoingia, moshi unakuwa mweusi na plagi inajaa masizi. Kama tayari unayo ya petroli tupu na ni nzima, usiitupe. Safisha filta ya hewa, noa kisu, itumie mpaka ichoke yenyewe.

Kuna jambo ambalo vitabu vya maelekezo vya Ulaya hulipitia juujuu: majani yakishakatwa yanakwenda wapi. Wao husema yaache palepale yaoze, nitrojeni irudi ardhini, na kama huna mfugo fanya hivyohivyo. Lakini Moshi, ambako watu hupandisha majani kutoka tambarare kulisha ng'ombe wa ndani, hayo ni mali. Mpe jirani siku hiyohiyo, yakiwa yametandazwa, maana majani mafupi mabichi yakirundikwa hupata joto na kuota ukungu upesi. Na kama ulipiga dawa ya wadudu au ya magugu, mwambie jirani, hayo yasiingie bandani.