Kiapo cha Marekani na Kitabu cha Dini

Wakristo wengi wa mrengo wa kihafidhina Marekani, na sisi tunaowatazama kwa runinga, huamini kwamba kiongozi wa nchi ile hawezi kuapa bila Biblia. Sivyo.

Kelele kubwa zilizuka mwishoni mwa 2006, baada ya Keith Ellison wa Minnesota kuwa Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa kuingia Bunge la Marekani na kusema angetumia Msahafu kwenye kiapo chake. Virgil Goode, mbunge wa Virginia, aliandika barua akihusisha jambo hilo na wahamiaji. Lakini Ellison si mhamiaji: alizaliwa Detroit na kusilimu akiwa mwanafunzi.

Wabunge wa Baraza la Wawakilishi huapa wote kwa pamoja ukumbini, mkono wa kulia juu, na hakuna kitabu kinachotakiwa. Kitabu huja baadaye, kwenye hafla ya kupiga picha. Hapo, Januari 2007, Ellison alitumia Msahafu uliokuwa mali ya Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, tafsiri ya Kiingereza aliyoinunua 1765. (Jefferson mwenyewe alizaliwa katika jimbo la Goode. Historia ina utani wake.)

Katiba, Ibara ya 6, inakataza kabisa kigezo cha dini kwa wenye madaraka, na inamruhusu mtu kuthibitisha, yaani kuahidi bila kiapo cha kidini, badala ya kuapa. John Quincy Adams aliapa urais 1825 kwa kitabu cha sheria. Theodore Roosevelt, 1901, hakutumia Biblia. Biblia ni desturi tu, ingawa yenye mizizi mirefu.