Hati za Dhabihu: Dini ya Dola ya Roma na Wakristo wa Mwaka 250

Dini ya Warumi wa kale haikuwa na kanuni ya imani ambayo muumini alitakiwa kuikiri. Msingi wake ulikuwa tendo: miungu ilistahili kupewa ubani, divai na mnyama wa kuchinjwa kwa utaratibu uliorithiwa, nayo iliulinda mji, mavuno na majeshi. Kuongeza mungu mgeni hakukuwa jambo la ajabu. Mwaka 204 KK, Hannibal, jemadari wa Karthago aliyekuwa akipigana na Roma, akiwa bado yumo Italia na jeshi lake, jiwe takatifu la Cybele, mungu wa kike wa Asia Ndogo, lililetwa Roma kwa agizo la Seneti yenyewe.

Mgogoro na Wakristo ulianzia hapo. Kumwabudu Kristo peke yake kusingewaudhi sana majirani zao. Kilichoudhi ni kwamba waliikatalia miungu mingine haki yake, na ukame au tauni vilipoingia, wao ndio waliolaumiwa. Hata hivyo, kwa muda mrefu mateso yalikuwa ya hapa na pale. Kaisari Trajan, alipoulizwa na Pliny, liwali wa Bithynia, mnamo mwaka 112, alijibu kwamba Wakristo wasisakwe, ila wakishtakiwa na kuthibitika waadhibiwe, na atakayeiabudu miungu asamehewe.

Decius, aliyetwaa utawala mwaka 249 wakati dola ikiandamwa na maadui mipakani, alikwenda mbali zaidi: aliamuru wakazi wa dola nzima watoe dhabihu mbele ya kamati za mahali pao. Waliotii walipewa hati, na zaidi ya 40 kati ya hizo, zilizoandikwa kwenye mafunjo, zimepatikana Misri. Zinafanana mno. Mwombaji anataja jina, kijiji na pengine umri, anaeleza kwamba siku zote ameitolea miungu dhabihu, na kwamba sasa, mbele ya wanakamati, amemwaga kinywaji, ametoa dhabihu na ameionja nyama yake. Kisha anaomba watie saini. Mzee mmoja wa miaka 72 anatambulishwa kwa kovu kwenye nyusi yake ya kulia. Hati nyingine ni ya kuhani wa kike wa Petesouchos, mungu mamba wa Fayum, ambaye hakuna ambaye angemshuku kuwa Mkristo! Hakuna hati hata moja inayomtaja Kristo au kumtaka mtu amkane.

Wakristo wengi walitoa dhabihu. Wengine walinunua hati bila kugusa madhabahu, na waliokataa katakata walifungwa au kuuawa. Fabian, askofu wa Roma, alikufa Januari 250. Decius mwenyewe aliuawa vitani mwaka 251, na Kanisa likabaki na swali gumu kuliko amri yake: walioanguka, yaani waliotoa dhabihu au kununua hati, wapokewe tena? Cyprian, askofu wa Karthago, ambaye alikuwa amejificha na kwa hiyo hakuwa na uso wa kuwakemea wengine kwa urahisi, aliwakutanisha maaskofu wa Afrika mwaka huo. Waliamua kwamba walionunua hati wapokewe baada ya kila mmoja kuchunguzwa, na waliotoa dhabihu waendelee na toba. Huko Roma, kasisi Novatian alikataa msamaha wa aina hiyo akajitenga na wafuasi wake.

Kwa maoni yangu, nguvu ya Kanisa la wakati huo inaonekana vizuri zaidi katika hesabu zake kuliko katika ushujaa wa wafia dini wake. Cornelius, aliyemrithi Fabian, aliandika kwamba Kanisa la Roma lilikuwa na makasisi 46 na kwamba lilikuwa likiwatunza wajane na maskini zaidi ya 1,500. Jumuiya yenye mfuko wa namna hiyo haikuvunjwa kwa amri ya mwaka mmoja. Kaisari Valerian alijaribu tena kuanzia mwaka 257 kwa kuwalenga viongozi, na Cyprian akakatwa kichwa mwaka 258. Lakini mwaka 260 mwanawe Valerian, Gallienus, alisimamisha mateso na kuamuru mahali pa ibada parudishwe, akiwaandikia maaskofu wenyewe.